Mwaka Ziwa Lilipogeuka Kijani

Kambini, Mbarara
12 Machi 2023

Kwa kaka yangu Audace,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mke wako Perpétue, na mama yetu Capitoline, na binti yenu Kankindi, ambaye najua amekuegemea begani sasa hivi anataka kuona kama jina lake limeandikwa. Limeandikwa. Mwonyeshe.

Mama mwambie naandika kwa sababu yeye ndiye aliyeagiza. Simu haisikii tena. Anasema sauti yangu inamfikia kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Karatasi unaweza kumsomea kwa sauti kubwa mara tatu, na majirani nao wakafaidi. Lakini ile karatasi ndogo niliyoikunja peke yake ni yako, usiisome kwa sauti.

Hapa tuko salama. Mume wangu Mugisha yuko zamu ya geti wiki hii, na kuna maneno kwamba kikosi chao kitahamishwa. Wapi, haulizwi. Mke wa askari anajifunza kutouliza.

Neno lililonifanya nishike kalamu ni samaki. Kikapu cha mwisho alichonitumia Perpétue kilikuwa nusu, na ngege wenyewe ni wadogo, wamekaushwa moshi wakabaki mifupa. Wanawake wa hapa kambini waliozoea kununua kwangu wananitazama kama mtu aliyebadilisha mizani. Kuna nini ziwani? Jumapili nilivuka daraja kwenda misa Nyamitanga, nikaona mto Rwizi umekuwa mzito, rangi ya matofali. Upande wa Ruti watu wamelima mpaka jembe linagusa maji. Wanasema mto huu mwishowe unafika huko kwenu. Kama ni kweli, poleni.

Mpimie Kankindi mguu. Nataka kumnunulia viatu vya shule.

Dada yako,
Alida

(Kwenye karatasi ndogo:)
Kaka, nina mimba. Mwezi wa tatu. Baada ya zile mbili zilizotoka, daktari amenikataza mizigo na amenikataza mawazo, kana kwamba mawazo yanabebwa kichwani na mtu anaweza kuyatua. Mama usimwambie bado. Ataanza novena, zile sala za siku tisa, na Nakivale nzima itajua.


Nakivale
2 Aprili 2023

Dada yangu Alida,

Salamu kutoka kwetu sote. Barua yako imesomwa mara nne, si tatu. Mama alitaka kusikia tena ile fasi ya barua yenye nzi, akacheka hadi akakohoa. Ile nyingine niliisomea kwenye migomba, peke yangu, nikakaa chini. Mungu akulinde. Sitaki useme zaidi kabla ya wakati wake.

Nyuma ya karatasi hii ni mguu wa Kankindi. Nilimsimamisha juu yake nikazungusha kalamu, naye akawa anacheka kwa sababu inamtekenya, ndiyo maana mstari umepotoka kwenye kisigino. Nunua vikubwa kidogo. Anakua mbiombio.

Kuhusu samaki, si Perpétue. Ziwa limebadilika. Mvua ilipoanza, maji yalishuka kutoka vilimani na udongo wote, na mbolea ya mahindi, na mavi ya ng'ombe wanaoshushwa kutoka Endiinzi kuja kunywa. Zamani mafunjo yalikuwa yanasimama kama ukuta kati ya mashamba na ziwa, udongo unabaki humo. Sasa sote tumeyakata tukalima. Fasi yetu ya pale chini, kile kipande cha ukingoni, nimepanda maharage, na sijawahi kuona maharage ya namna ile, majani kama viganja. Lakini ukipiga hatua chache tu mbele, maji ni ya kijani, mazito, kama mtu amemwaga rangi. Wiki iliyopita ngege walielea, matumbo juu. Watu waliokota. Mimi nilimkataza Perpétue asiwakaushe wale. Si ungewala wewe au wateja wako.

Mabomba nayo yanatoa maji siku moja, siku tatu kimya. Mtambo umeziba matope, ndivyo tunavyoambiwa. Kukiwa kimya tunachota ziwani, tunachemsha.

Barua hii inaletwa na Pacifique, yule mwenye lori la maharage. Mpe chai, anapenda sukari mingi.

Kaka yako,
Audace


Kambini, Mbarara
7 Mei 2023

Kaka Audace,

Salamu kwako, kwa Perpétue, kwa Mama, na kwa mwenye mguu. Pacifique alikunywa vikombe vitatu akanisimulia habari zote za Nakivale, hata zile ambazo hazikumhusu.

Mugisha ameondoka. Walipanda magari alfajiri. Sisi wake tulisimama kando ya uzio na hakuna aliyelia mpaka magari yalipokata kona. Nina jirani mwema, Molly, mume wake yuko kikosi kilekile. Tunapika pamoja. Ile habari ya karatasi ndogo inaendelea vizuri. Sasa inaonekana hata kwa asiyetaka kuona, kwa hiyo Mama aambiwe.

Maji yale yananisumbua. Yachemsheni mpaka yatokote, na msichote ukingoni penye kijani kingi. Sisi hapa tuna bomba, lakini nimeanza kuutazama mto kila ninapopita. Chini ya daraja wanaoshea malori na pikipiki, sabuni na mafuta yanaingia moja kwa moja. Nilimwambia kijana mmoja, huko mbele kuna watu. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, huko mbele siko mimi."

Hivi hapa viatu. Vyeusi, vina mkanda wa kufunga. Nimenunua vikubwa kidogo kama ulivyosema. Mwambie Kankindi asivivae kanisani tu, avivae shuleni vichakae. Nataka kusikia alisema nini alipoviona. Andika maneno yake mwenyewe.

Dada yako,
Alida


Nakivale
18 Juni 2023

Dada Alida,

Nakusalimu. Samahani nimechelewa. Viatu vilifika. Asante.

Mama anakusalimu. Habari yako ameambiwa na anakuombea. Perpétue hajambo kidogo.

Tulikuwa na mkutano chini ya komite ya maji. Alikuja mama mmoja wa mambo ya mazingira, jina lake Evas, akatueleza kwa upole, hakutugombeza. Alisema ziwa linalishwa kupita kiasi. Mbolea na samadi zinazosombwa na mvua ni chakula, na kile kijani kinakula na kuongezeka, kinafunika mwanga, kisha kinakufa na kuoza, na kuoza kwake kunamaliza hewa ndani ya maji. Samaki wanakosa pumzi. Alisema hata bahari kubwa haiponi. Alishafanya kazi pwani, akaona udongo wa mashamba unashushwa na mito hadi kwenye matumbawe, yale mawe hai yanayofuga samaki, na mwani unayafunika mpaka yanakufa meupe. Mimi bahari sijaiona. Lakini nilipomsikiliza nilikumbuka Rumonge tulipokuwa watoto, mawe ya ukingoni mwa Tanganyika na maji ambayo unaona vidole vyako vya miguu.

Nimeng'oa maharage ya pale chini. Nimeacha fasi ile ijiotee mafunjo, na mafunjo mengine nimeyapanda mwenyewe.

Jitunze. Usinyanyue jerikeni.

Audace


Kambini, Mbarara
16 Julai 2023

Kaka yangu,

Salamu kwenu nyote. Mimi mzima, miguu imevimba tu. Mugisha alipiga simu mara moja, sauti inakatika, lakini ni yeye.

Nimesoma barua yako mara nyingi na siielewi. Umeng'oa maharage yaliyokuwa yamekaribia kuvunwa? Yale yenye majani kama viganja? Huyo mama Evas alisema muache ukingo, sawa, lakini si angekusubiri uvune? Mtakula nini? Perpétue alikubali? Na "hajambo kidogo" maana yake nini? Anaumwa? Nimepiga simu yako wiki mbili, haipatikani.

Na hukuniandikia maneno ya Kankindi. Je, viatu vilimtosha? Nimewaza, likizo ijayo mlete akae na mimi nikishajifungua. Atanishikia mtoto. Hapa kuna bomba na kuna shule nzuri Nyamitanga, anaweza hata kubaki.

Jambo jingine. Pacifique siku hizi hakai. Anakabidhi bahasha akiwa mlangoni, anasema lori linamsubiri. Nimemwekea sukari mingi, hakuigusa. Mmegombana?

Dada yako,
Alida


Nakivale
13 Agosti 2023

Dada yangu,

Salamu. Hatujagombana na Pacifique. Ni mtu mwema.

Chakula tunapata. Tuna mihogo ya juu kilimani. Perpétue hakukataa nilipong'oa maharage, alikuja akang'oa na mimi. Aloys, jirani yetu wa shamba la chini, alikasirika sana, akasema ninawaonyesha watu wa komite njia ya kuwanyang'anya wote mashamba. Ana watoto saba na hana fasi nyingine. Alikuwa anasema kweli.

Simu sijaichaji. Nitaichaji.

Alida, nakuomba kitu kimoja kama kaka yako. Usiniulize viatu. Zaa kwanza. Mwite Molly alale kwako, nenda hospitali mapema, usiende kwa miguu. Zaa, halafu uniandikie, na mimi nitakuandikia yote.

Audace


Kambini, Mbarara
1 Oktoba 2023

Audace,

Nimezaa. Mtoto wa kiume, tarehe tisa Septemba, mzima, na mimi mzima.

Pacifique alikuja jana. Nilimwekea mtoto mikononi ili asiweze kuondoka haraka. Akalia. Sikumuuliza.

Nimeshazaa. Niandikie.

Alida


Nakivale
8 Oktoba 2023

Dada yangu mpenzi,

Mungu ambariki mtoto, na wewe, na baba yake huko aliko. Mama amepiga magoti pale pale aliposikia. Leo hakuna atakayesomewa barua hii. Perpétue amekaa karibu yangu, anajua ninachoandika.

Kankindi alituacha mwezi wa tano, siku moja kabla viatu havijafika.

Mabomba yalikuwa yamekauka kwa muda mrefu kuliko mara zote. Mvua ilikuwa inanyesha juu yetu na hatuna maji. Ziwa lilikuwa kijani mpaka katikati, na vyoo vya huko juu vilikuwa vimefurika, vyote vinashuka njia moja na udongo. Perpétue alichemsha. Lakini kuni zililowa, alikuwa anapuliza moto mpaka macho yanatoka machozi, na siku nyingine maji yalipata joto tu, hayakutokota. Tulikuwa tunayaacha kwenye bido, ile jerikeni kubwa, yatulie, kijani kinapanda juu, tunakiengua, ya chini yanaonekana safi. Ukiyatazama ungesema ni maji.

Alianza kuharisha asubuhi. Mchana alikuwa bado anacheza. Kesho yake hakusimama. Nilimbeba mgongoni hadi kwenye kituo cha afya, na njiani alikuwa mwepesi, Alida, nilisimama mara mbili nikamgusa kuona kama yuko. Pale kituoni watoto walilazwa wawili wawili kitandani. Wauguzi walifanya walichoweza, walimtundikia maji ya mshipa. Perpétue aliuliza ugonjwa umetoka wapi, muuguzi akasema ni maji. Perpétue akamuuliza, "Maji gani?"

Yule muuguzi alikuwa amechoka sana. Akasema, "Mama, kwani hapa mna maji gani mengine?"

Mtoto aliomba maji. Muda wote aliomba maji. Walikuwa wametupa ya kumpa, yenye dawa, safi, kwenye kikombe, na mimi niliyekuwa nimezoea kumpa maji maisha yake yote nilikishika kile kikombe nikaogopa kukipeleka mdomoni mwake. Perpétue akakichukua akampa. Alikunywa kidogo, akasema, "Haya ni matamu." Hayo ndiyo maneno yake mwenyewe. Ulitaka niyaandike.

Tulimzika kilimani, upande ambao maji hayafiki. Padri alikuja. Pacifique aliingia uani na bahasha yako na viatu wakati watu bado wamekaa matanga, hakujua kitu. Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema una mimba, na mbili za kabla yake zimeshatoka, na hataki kuzika wajukuu wawili mwaka mmoja. Alimwapisha Pacifique. Mimi nilikubali. Kila ulipouliza viatu nilitoka nje nikazunguka nyumba.

Maharage nayo niliyang'oa kwa sababu hii: siku ya tatu baada ya mazishi nilishuka kule chini, nikayakuta yamestawi, mazuri kuliko shamba la mtu yeyote, yamekula udongo uleule. Nilishindwa kufikiri kwamba nitayaweka mdomoni. Mkutano wa mama Evas ulikuja baadaye. Watu wanadhani nilimsikiliza nikaelimika. Sikuelimika. Nilishindwa kula.

Sijui ni udongo wa nani uliomuua, wala choo cha nani. Huenda ni wa shambani kwangu, huenda ni wa Aloys, huenda umeshuka na huo mto wako kutoka mbali. Nimelala nikimhesabia kila mtu udongo wake. Ukishachanganyika na maji hauna mwenyewe.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, nitaelewa pia.

Kaka yako,
Audace


Kambini, Mbarara
29 Oktoba 2023

Kaka Audace, na wewe wifi yangu Perpétue,

Nilianza barua hii mara nyingi. Mara ya kwanza niliwatukana. Niliandika kwamba mliniacha nikichagua shule ya mtoto aliyelala kaburini, kwamba nilicheka duka zima likanisikia nilipokuwa namtafutia viatu vyenye mkanda. Molly aliisoma akaniambia, ipeleke ukitaka, lakini kwanza mnyonyeshe mtoto. Nilipomaliza kunyonyesha sikuipeleka.

Sijui kama nimewasamehe. Najua tu kwamba mtoto yuko hapa, ananyonya, na daktari alinikataza mawazo, na ninyi mliyabeba yangu juu ya yenu.

Nimemwambia Mugisha kwa simu. Aliuliza kama ni yule aliyekuwa akimvua kofia ya jeshi na kuikimbiza uani. Nikasema ndiye. Simu ikakatika, au aliikata.

Padri wa Nyamitanga amemtaja kwenye misa. Baada ya misa nilisimama darajani na mtoto mgongoni. Mvua imerudi, mto umekuwa ule ule, mzito, unakimbia kwenda kwenu. Nilitamani kuuzuia kwa mikono. Mwanamke mmoja alinishika kiwiko akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia nina watu huko mbele.

Perpétue, wewe hukuniandikia neno, nami sikulaumu. Nataka nije Desemba. Nataka kuona mlipomlaza, na Mama amwone mjukuu angali anaona. Niambie kama mlango wako uko wazi. Usimwachie Audace ajibu peke yake.

Alida


Nakivale
19 Novemba 2023

Dada yangu Alida,

Salamu zetu zote kwako na kwa mwanao. Mama ameanza kumsukia mtoto kikapu cha kulalia, anasema vya Mbarara ni vya plastiki.

Hali ya ziwa hukuuliza safari hii, lakini nakwambia. Mafunjo niliyopanda yamenifika magotini. Mvua hizi zimeyalaza upande mmoja lakini mizizi imeshika, na nyuma yake udongo umejikusanya kidogo, unene wa mkeka. Maji mbele yake ni ya kijani kama ya kila mtu. Mama Evas alipita, akasema kazi hii ni ya miaka, na si ya ukingo mmoja. Aloys bado analima mpaka majini. Lakini alikuja jioni moja, akasimama, akauliza miche niliitoa wapi. Nilimwonyesha. Hajapanda. Aliuliza tu.

Samaki hakuna wa kukutumia. Waambie wateja wako wasisubiri.

Perpétue amechukua kalamu, haya yanayofuata ni yake.

Wifi, mlango uko wazi. Tangu mwezi wa tano sijaweza kumtamkia mtu jina lake. Nikikuona wewe nitalitamka, naona hivyo. Mtoto nitambeba mimi kutoka barabarani, usimpe mtu mwingine. Kitanda kipo. Chakula tutapata. Mabomba sasa yanatoa maji, watu wanayanywa, nasi tunayanywa, wanasema ni mazuri. Lakini nakuomba sana, usije mikono mitupu. Njoo na maji ya mtoto, ya siku zote utakazokaa hapa, na usione aibu kuyashusha mbele yetu. Nitayapokea mimi mwenyewe na kuyaweka ndani.

Perpétue